Mkono wa Mtoto ni Amana

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, Mwingi wa rehema, Mwenye kurehemu. Sifa zote njema ni zake Yeye aliyempa mwanadamu mkono wa kutenda na akili ya kuuongoza mkono huo. Rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad, na jamaa zake, na sahaba zake wote. Ama baada ya hayo:

Ndugu zetu Waislamu, waume kwa wake, twataka leo kusema nanyi juu ya jambo ambalo wengi wetu hulidharau, nalo ni zile kazi ndogo ndogo za mkono na za kujifunza ambazo watoto walio chini ya miaka saba waweza kuzifanya nyumbani pamoja na wazee wao. Huenda msomaji akacheka, akasema: "Je, darsa imeishiwa na mas-ala, hata yatufunza kukata karatasi?" Twamwomba asifanye haraka. Na asome mpaka mwisho, kisha ahukumu.

Lililotutia katika maneno haya ni hili. Usiku mmoja baada ya sala ya Isha, mmoja wetu alikuja darsani amefunga kitabu chake kwa kipande cha ukili ambacho mama yake hajakimaliza. Walikuwapo watoto kadha waliofuatana na baba zao, wakauzunguka ule ukili. Mmoja wao, mtoto wa miaka sita, akauliza: "Baba, hii ni nini?" Babake akamwambia kuwa huo ni ukili, na ukishonwa ndio huwa mkeka. Mtoto akasema: "Nifunze." Yule baba akanyamaza, kwani hakujua. Tukatazamana sisi watu wazima tuliokuwa pale, ikawa hapana hata mmoja wetu ajuaye kuanza chane ya kwanza. Mtoto alipoona hapati jibu aliomba simu, akapewa. Naye akaifungua kwa kidole kimoja upesi kuliko sisi tufunguavyo msahafu. Darsa ikaendelea. Lakini wengi wetu usiku ule hatukumbuki ilisomwa mas-ala gani.

Kisha yule mwenye ukili alitwambia neno ambalo lilituuma zaidi. Alisema kwamba mama yake, ambaye ni mzee sasa, hukaa uani kila siku akisuka peke yake, na wajukuu humpita asubuhi na jioni, wala hapana hata mmoja aliyeambiwa kaa hapa ujifunze. Basi tukajiuliza: mama huyu akifa, kutabaki nini nyumbani mle? Ukili mmoja usiokwisha, na watoto wasiojua uanzie wapi wala uishie wapi.

Ndugu zetu, Mwenyezi Mungu ametuamrisha katika Sura ya Tahrim tujikinge sisi na watu wetu na moto. Na Mtume wetu (s.a.w.) ametufunza kwamba kila mmoja wetu ni mchunga, na kila mchunga ataulizwa juu ya alichokichunga, mwanamume ataulizwa juu ya watu wa nyumba yake, na mwanamke juu ya nyumba na watoto. Sisi tumezifahamu amri hizi kwa upande wa kukataza tu. Twamwambia mtoto: usikimbie, usipige kelele, usiguse. Tumwambiapo hivyo mara mia kwa siku, twadhani kuwa tumechunga. Mchunga awakatazaye mbuzi shamba la watu, wala asiwaonyeshe malisho, mbuzi hao watakula wapi?

Na ajabu yetu ni kubwa zaidi. Mtoto akichelewa kusema, au akichelewa kufahamu herufi, wako miongoni mwetu waendao kumtafutia hirizi, wakamfunga mkononi ili akili yake izinduke. Tumeufunga hirizi mkono ambao hatujaupa kazi! Lau mkono ule ungepewa uzi, na udongo, na chane mbili tatu za mwaa, na mzazi akakaa karibu akisema naye, ingekuwa ndiyo dawa. Kwani mtoto mdogo hufahamu kwa vidole kabla ya kufahamu kwa maneno. Humwambii "tatu" akajua tatu ni nini; humwekea tende tatu mbele yake, akazishika, akala moja, akaona zimebaki mbili. Hapo amejua hesabu, wala hakulia.

Sasa tutazame mwendo wa Mtume wetu (s.a.w.), kwani yeye ndiye kigezo chetu. Imepokewa katika vitabu vya Bukhari na Muslim kwamba Bibi Aisha (r.a.) alikuwa akicheza na watoto wake wa bandia nyumbani kwa Mtume, na wasichana wenzake wakija kucheza naye. Walipokuwa wakijificha kwa kumwonea haya Mtume, yeye mwenyewe alikuwa akiwarejeza wakacheze. Na katika kitabu cha Abu Daud mna habari kwamba Mtume alirudi safarini, upepo ukafunua pazia, akaona vile vitu vya kuchezea, na katikati yake farasi mwenye mabawa mawili ya vitambaa. Akamwuliza ni kitu gani hicho. Bibi Aisha akamwambia ni farasi. Akamwuliza tena: farasi huwa na mabawa? Naye akamjibu kuwa amesikia ya kwamba Nabii Suleiman alikuwa na farasi wenye mabawa. Mtume akacheka mpaka magego yake yakaonekana.

Twawaomba mlizingatie jambo hili. Mtu aliyekuwa na umma mzima mabegani mwake, ametoka safarini amechoka, ameona kifarasi cha vitambaa, na hakukipiga teke. Aliuliza. Na alipojibiwa, aliuliza tena. Na kwa swali lile la pili, aliyeulizwa alipata nafasi ya kuonyesha kile alichokijua katika habari za Mitume. Huku ndiko kusomesha. Sisi twarudi kazini, twamwona mtoto amepanga viberiti vitupu sakafuni, twasema: "Ondoa takataka hizi!" Labda vile viberiti vilikuwa ni msikiti, au jahazi, au nyumba ya nyanya yake. Hatukuuliza, kwa hiyo hatutajua kabisa.

Na Bibi Rubayyi binti Muawwidh (r.a.) amesimulia kwamba siku ya Ashura walikuwa wakifunga wao na watoto wao, na wakiwatengenezea watoto vitu vya kuchezea kwa sufi, mtoto akilia kwa kutaka chakula, humpa kitu kile mpaka wakati wa kufuturu ukafika. Tazameni akili ya wanawake wale wa Madina! Walitaka kuwazoeza watoto ibada, wakaona kwamba mtoto hazoezwi kwa kemeo peke yake; wakachukua sufi wakafanya kazi ya mkono. Na mtoto mdogo ndugu yake Anas, aliyekuwa akiitwa Abu Umair, alikuwa na kijidege chake akichezea, na Mtume alikuwa akimwuliza habari za kijidege kile. Haya si mambo ya upuuzi. Lau yangekuwa upuuzi, maulamaa wasingalisafiri miji na miji kuyapokea na kuyahifadhi.

Ama kazi ya mkono yenyewe, huo ndio mwendo wa Mitume. Nabii Nuhu aliunda jahazi kwa mkono wake kwa amri ya Mola wake. Nabii Daud alilainishiwa chuma akafanya deraya, na Mtume wetu ametueleza kwamba Daud alikuwa akila kutokana na kazi ya mkono wake. Nabii Zakaria alikuwa seremala. Na Mtume wetu mwenyewe nyumbani kwake alikuwa akishona nguo yake na kutengeneza kiatu chake. Basi imekuwaje sisi umma wake tukaona kazi ya mkono ni ya mtu aliyeshindwa na masomo?

Tutazijibu sasa hoja tatu tulizozisikia katika mabaraza.

Ya kwanza, husemwa kwamba mtoto apelekwe chuoni na skuli tu, na mchezo wampotezea wakati. Twajibu kwa maneno ya mtu ambaye hapana awezaye kusema kuwa alipenda upuuzi. Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 505 wa Hijra, ameeleza katika kitabu chake cha Ihya kwamba mtoto akitoka chuoni yafaa aruhusiwe kucheza mchezo mwema wa kumpumzisha, kwani kumzuilia mchezo na kumlemea kwa masomo daima hufisha moyo wake na huzima akili yake, mpaka akatafuta hila za kuyakimbia masomo kabisa. Na sisi twawajua vijana wa namna hiyo katika mitaa yetu. Walikhitimu Kurani wakiwa wadogo, kisha wakaitupa.

Ya pili, husemwa kwamba watoto wa bandia ni sanamu, na sanamu ni haramu. Twasema: katazo la sanamu ni kweli, wala hatulifanyii mzaha. Lakini maulamaa walio wengi, kama alivyonakili Kadhi Iyadh, wamevitoa vitu vya kuchezea watoto katika katazo hilo kwa ajili ya hadithi ya Bibi Aisha tuliyoitaja. Wako waliosema vingine, na rai yao twaiheshimu. Basi mwenye kuona shaka na amfanyie binti yake mtoto wa kitambaa kilichoviringwa, asimtie macho wala pua. Mtoto hatajali, kwani yeye amwona usoni kwa moyo wake. Alilo na haja nalo ni kumvisha, na kumbembeleza, na kumlaza. Na katika hayo yumo katika kujifunza huruma.

Ya tatu, husemwa na wanaume: hiyo ni kazi ya wanawake. Twawajibu kwa swali. Bibi Aisha alipoulizwa Mtume alikuwa akifanya nini nyumbani, alijibu kwamba alikuwa katika kuwatumikia watu wake, na wakati wa sala ukifika akitoka kwenda kusali. Je, baba yupi katika sisi aliye na shughuli kuliko zake?

Ama simu, hatusemi kuwa ni haramu. Sisi wenyewe twasomea humo tafsiri na kujua nyakati za sala. Ubaya ni kumfanya mtoto mdogo kuwa yatima ilhali wazazi wake wako hai, akilelewa na kioo. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2019, likasema kwamba mtoto wa chini ya miaka miwili haifai kuwekwa mbele ya kioo, na wa miaka miwili mpaka minne asizidishe saa moja kwa siku, na ikipungua ni bora. Tujipime wenyewe kwa kipimo hicho, na kila mmoja aseme kweli moyoni mwake.

Sasa tutaje kazi zenyewe. Zote hazihitaji fedha, au zahitaji kidogo sana.

Kazi ya kwanza ni ukili. Mtafutie mtoto wa miaka mitano au sita chane tatu za mwaa zilizolowekwa maji kidogo zisikatike. Mfungie mwanzo, kisha mfunze: ya kulia ipite juu ya kati, ya kushoto ipite juu ya kati. Akizoea, mzidishie chane. Na katika nyumba yenye nyanya, asimfunze mwingine ila yeye. Huko ni kumfunza mjukuu ukili, na pia ni kumrejeza mzee katika cheo chake.

Kazi ya pili ni herufi. Wazee wetu wa pwani walijifunza kuandika juu ya ubao, kwa kalamu ya tete na wino wa masizi. Mji wa Siyu katika kisiwa cha Pate ulikuwa na mabingwa wa kunakili misahafu kwa mkono na kuipamba kwa rangi na nakshi. Mtoto wako hataanza na kazi ya Siyu. Mwanzie na sinia yenye mchanga mkavu wa pwani, aandike alif kwa kidole, aifute, aandike tena. Kosa la mchangani halina aibu, kwani hufutika. Baadaye finyanga naye donge la mahamri mkalifanye be na te na the, akahesabu nukta. Kisha mchome mle, msiharibu chakula. Akifika miaka sita mkunjie karatasi afanye pambo la nakshi pembezoni, na katikati aandike jina lake.

Kazi ya tatu ni gundi na karatasi. Chukua kijiko kimoja cha unga wa ngano na vijiko vitano vya maji baridi, ukoroge pasiwe na madonge, kisha upike wewe mwenyewe kwa moto mdogo mpaka iwe nzito kama uji. Hiyo ni gundi, wala haimdhuru mtoto akiilamba. Kwa gundi hiyo na magazeti ya zamani na mkebe mtupu usio na makali, mtoto hutengeneza kibweta cha sadaka. Kila Ijumaa atie shilingi moja. Ukijaa, nenda naye, yeye ndiye aushike, akaupeleke kwa jirani mwenye haja. Hatukuona hotuba ya kumfunza mtoto ukarimu iliyoshinda mkebe huo.

Kazi ya nne ni ya sindano. Kwa mtoto mdogo toboa vitundu katika kipande cha boksi, mpe uzi mnene wenye ncha iliyofungwa kwa gundi, apitishe juu na chini. Hana haja ya sindano. Akikua ataweza kushona kifungo, na huenda akafika kwenye kofia ya kutunga, ambayo vitundu vyake vidogo vimewalisha watu wengi wa pwani hii. Na wavulana wafunzwe sawa na wasichana. Mtume alishona nguo yake; mwana wako ni mtukufu kuliko yeye?

Kazi ya tano ni mwezi. Siku ya mwandamo, mpigie mtoto miraba thelathini katika karatasi. Kila usiku mtoke nje pamoja, autazame mwezi, auchore vile alivyouona. Atauona hilali magharibi baada ya Maghribi, akiuona ukikua mpaka badri, kisha atashangaa mbona sasa wakawia kuchomoza. Hapo muamshe baada ya Alfajiri aukute ungali juu. Mwisho wa mwezi ataona kama mraba wa thelathini umejaa au umebaki mtupu, na atajua kwa nini sisi huingoja ile siku ya ishirini na tisa. Sisi watu wazima twateta kila mwaka juu ya mwandamo. Labda mtoto aliyechora mwezi miezi kumi na miwili atakuwa na adabu kuliko sisi katika mas-ala hayo.

Kazi ya sita ni kivuli. Simamisha kijiti uani mahali pa jua. Mtoto aweke jiwe penye ncha ya kivuli asubuhi, na adhuhuri, na alasiri. Ataona kwamba asubuhi kivuli chaelekea magharibi, kisha chafupika, kisha chageuka kuelekea mashariki na kurefuka. Mwambie: jua lilipopinduka, hapo ndipo Adhuhuri imeingia, na kivuli kikiwa sawa na urefu wa kijiti, pamoja na kile kilichokuwapo wakati wa kupinduka, hapo imeingia Alasiri. Na ziko siku chache za mwezi wa Machi na za mwezi wa Oktoba ambazo kivuli cha adhuhuri hapa Mombasa hukaribia kutoweka. Kisha msimamishe mtoto, mkono wa kulia mashariki na wa kushoto magharibi, umwambie: uso wako sasa waelekea kaskazini, na Makka iko huko, karibu sawasawa. Hii ni neema yetu sisi watu wa Mombasa, Malindi na Lamu, kwamba kibla chetu mtoto aweza kukijua kwa jua na mikono yake miwili.

Ziko na nyinginezo: kupanda kunde katika kifuu na kuzipimia urefu kila siku, kujenga jahazi la kifuu lenye tanga la kitambaa, kufanya tiara kwa chelewa na karatasi, na kititia cha kuti kizungukacho kwa upepo. Tiara na iwe ni sehemu ya baba. Mtoto hasahau upesi siku ambayo babake alikimbia pamoja naye ufuoni.

Lakini yako masharti. Vitu vidogo kama kunde na shanga asipewe mtoto wa chini ya miaka mitatu, kwani hutia puani na hupaliwa. Zile mbegu nyekundu zenye jicho jeusi, wazitungazo watu kuwa ushanga, zisiingie nyumbani kabisa; ndani yake mna sumu ya kuua. Korosho mbichi zisichezewe, ganda lake lina mafuta yenye kuunguza ngozi. Moto na kisu ni vya mzazi.

Aanze kwa Bismillahi, na amalize kwa kuzoa na kufagia. Ikiadhiniwa, kazi iwekwe kando, na mzazi awe wa kwanza kuiweka. Msimcheke, wala msimlinganishe na nduguye. Mtume ameamrisha uadilifu baina ya watoto, na uadilifu si wa mali tu. Na msimfanyie kazi yake. Mtaala huu mpya wa umilisi umewataka watoto kutengeneza vitu kwa mikono yao, na sisi tumewaona wazazi wakikaa usiku kutengeneza wenyewe, au wakinunua kilichotengenezwa, kisha mtoto akaambiwa apeleke skuli aseme ni chake. Ndugu zetu, huu ni udanganyifu, na Mtume amejitenga na mwenye kughushi. Mtoto yule wa miaka mitano tumemfunza nini? Alama alizozipata zitasahauliwa mwisho wa muhula, lakini uongo alioufunzwa na mamake na babake kwa mapenzi atakuwa nao. Kikapu kibovu alichokisuka mwenyewe ni bora mbele ya Mungu kuliko kizuri cha uongo.

Msidhani kwamba wito huu ni mpya. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyetoa gazeti lake la Al-Islah hapa Mombasa mwaka 1932, aliwaita Waislamu wa pwani waamke katika elimu ya dini na ya dunia. Na mwaka 1951 chuo cha Kiislamu cha ufundi cha Mombasa, ambacho leo kimekuwa Chuo Kikuu cha Ufundi, kilipokea wanafunzi wake wa kwanza ili vijana wa Kiislamu wa Afrika Mashariki wapate kazi za mikono. Wazee wale waliona kwamba umma usiotengeneza kitu hununua kila kitu, na anunuaye kila kitu humtii auzaye. Lakini chuo humpokea kijana ambaye mkono wake umekwisha kukauka. Udongo uwahi ungali maji, na udongo huo uko nyumbani kwetu, una miaka mitatu, minne, mitano, nao watwambia: "Nifunze."

Kwa hiyo twaomba jambo moja tu, wala si kubwa. Kila nyumba na itoe nusu saa kwa siku, baada ya Alasiri au baina ya Maghribi na Isha. Simu zote ziwekwe juu ya kabati, ya mzazi ikiwa ya kwanza. Wakae pamoja juu ya mkeka mmoja, wakifanya moja katika kazi hizi. Anayetia nia ya kumlea mtoto wake kwa ajili ya Mwenyezi Mungu, nusu saa hiyo yaandikwa katika ibada zake.

Na sisi tulioandika maneno haya si bora kuliko ninyi. Tumeanza kwa kuona haya. Yule baba aliyenyamaza usiku ule alikwenda na mwanawe kwa mama wa mwenzetu, wakakaa uani wote wawili, baba na mtoto, wakafunzwa pamoja. Mama yule aliwapiga vidole vyao kwa kicheko kila walipokosea. Baada ya siku kadha alikuja darsani na ukili wa mtoto, urefu wake shubiri moja, umekwenda upande, wala haushoneki mkeka wowote. Ameutia katika msahafu wake kuwa alama ya mahali alipofikia kusoma.

Ewe Mola wetu, tusamehe tulivyoipuuza amana yako. Ibariki mikono ya watoto wetu, uifanye ya kutenda kheri na kutoa sadaka, wala usiifanye ya kuomba wala ya kudhulumu. Warehemu wazee wetu waliotufunza na waliongoja tuwaulize. Na utujaalie, siku tutakayoulizwa juu ya tulivyovichunga, tuwe na jibu. Amin.

Wabillahi taufiki.